Harambee Stars ilijua kulinda, haikujua kumiliki

Jioni ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, Chaka ilifunga biashara mapema. Wauzaji wa viazi na karoti walifunika magunia yao kwa maturubai, makanga wa matatu za Nyeri na Nanyuki wakaacha kuita abiria, na wanafunzi, ambao shule zao zilikuwa zifunguliwe Jumatatu iliyofuata, wakajibana mlangoni mwa mkahawa mmoja uliokuwa na televisheni. Baridi ya Gathano ilikuwa haijatuacha bado, lakini hakuna aliyeilalamikia. Kule Kasarani, Harambee Stars ilikuwa ikikabiliana na Madagascar katika robo fainali ya CHAN, yaani lile kombe la mataifa ya Afrika linalowahusu wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao.

Msomaji anakumbuka mwisho wake. Sare ya 1-1, muda wa ziada, kisha mikwaju ya penalti, na Kenya ikaaga kwa 4-3. Watu walitoka mkahawani kimyakimya kana kwamba wanatoka matangani. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu aliinuka, akajifunga koti lake, akaniambia: "Ni bahati mbaya, mwalimu. Penalti ni kama kamari." Nilimwitikia kwa heshima ya umri wake, kwa maana si adabu kubishana na mzee mwenye huzuni. Hata hivyo, moyoni sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani naye.

Naam, penalti zina bahati ndani yake. Lakini swali ambalo mwalimu na mwanafunzi wanapaswa kujiuliza ni hili: kwa nini timu iliyokuwa imetangulia kwa bao moja, katika uwanja wake, mbele ya mashabiki wake, ilifika kwenye penalti? Dai langu ni kwamba Harambee Stars ya CHAN ilikuwa timu iliyojua barabara la kufanya pindi mpira ulipokuwa miguuni mwa wapinzani, lakini haikujua vya kutosha la kufanya mpira ulipokuwa miguuni mwake yenyewe. Na upungufu huo haukuanzia Kasarani. Ulianzia katika viwanja vya shule zetu.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Tarehe 3 Agosti tuliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0 kwa bao la Austin Odhiambo. Tarehe 7 tukatoka sare ya 1-1 na Angola, Odhiambo tena akifunga kwa penalti. Tarehe 10 tukaishangaza Morocco 1-0, na tarehe 17 tukaipiga Zambia 1-0. Mara zote mbili mfungaji alikuwa Ryan Ogam. Kisha ikaja ile sare ya Madagascar, bao letu likitiwa wavuni na beki Alphonce Omija mapema katika kipindi cha pili. Mechi tano, mabao matano: kila mechi bao moja, halikupungua wala halikuzidi. Katika lango letu yaliingia mabao mawili tu.

Takwimu hizo zina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya fahari. Timu iliyokuwa ikishiriki mashindano hayo kwa mara ya kwanza, katika kundi lililowekwa Morocco, Kongo, Angola na Zambia, iliongoza kundi kwa pointi kumi na kufungwa bao moja tu katika mechi nne. Sura ya pili ndiyo tusiyopenda kuitazama. Timu inayofunga bao moja kila siku hutembea juu ya kamba nyembamba. Kosa moja, mpira mmoja kugonga mkono, filimbi moja ya refa, na ushindi hugeuka sare. Aishiye kwa akiba ya shilingi moja hawezi kumlaumu mwizi kwa kumfilisi.

Sasa tuutazame mpangilio wenyewe. Mkufunzi Benni McCarthy, raia wa Afrika Kusini aliyekabidhiwa timu hiyo mwezi Machi 2025, hakuleta miujiza. Kwa jumla aliweka mabeki wanne, mbele yao viungo wa kukaba, mbele zaidi Odhiambo akisaidiana na mawinga, na mshambulizi mmoja akibaki peke yake karibu na ngome ya wapinzani. Uzuri wa mpangilio huo ulitokana na umbali kati ya mchezaji na mwenzake. Wapinzani waliposhika mpira, mistari ya Kenya ilisogeleana kama watu wanaoota moto, na mpira ulipohamia upande wa kulia, timu nzima ilihamia kulia.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulieleza jambo hili ubaoni kuliko mtangazaji wa redio. Uwanja wa kimataifa aghalabu huwa na urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Ukimtoa kipa, wachezaji kumi wanaobaki wakigawana uwanja mzima, kila mmoja ataangukiwa na mita za mraba 714. Hakuna binadamu awezaye kulinda shamba la ukubwa huo dhidi ya mtu mwenye mbio. Lakini wachezaji hao hao wakijibana katika eneo lenye upana wa mita 40 na urefu wa mita 30, eneo lote huwa mita za mraba 1,200, na fungu la kila mmoja hushuka hadi 120. Huko pembeni kwingine huachwa wazi kwa makusudi, kwa kuwa mpira hauwezi kufika huko bila kusafiri hewani, na unaposafiri ukuta wote hupata nafasi ya kuhama.

Hesabu hii ndiyo inayofumbua fumbo lililowashangaza wengi mwezi ule. Dhidi ya Angola tulibaki wachezaji kumi mapema katika kipindi cha kwanza, na hatukushindwa. Dhidi ya Morocco tulibaki kumi kabla ya mapumziko, na tukashinda. Watu wakasema ni moyo wa simba. Moyo ulikuwapo, lakini itazame hesabu. Gawanya zile mita 1,200 kwa wachezaji tisa badala ya kumi: kila mmoja anapata takriban 133. Nyongeza ni mita za mraba 13 tu, kiasi cha chumba kidogo cha kulala. Timu iliyojikunja haiumizwi sana na kadi nyekundu. Anayeumizwa nayo zaidi ni yule anayetaka kumiliki mpira na kuutandaza, kwa sababu kila mara atakosa mtu mmoja wa kumpasia.

Lakini ulinzi wa namna hiyo una gharama yake. Timu inapojikunja karibu na lango lake na kuunyakua mpira, lango la wapinzani huwa liko umbali wa mita 70 au zaidi, na mbele yupo mshambulizi mmoja akizungukwa na mabeki wawili au watatu. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuupiga mpira mbali, naye mshambulizi aombe Mungu. Ya pili ni kuutoa mpira pale ulipo kwa pasi fupi na za hakika, kutoka kwa beki hadi kwa kiungo, kutoka kwa kiungo hadi kwa winga, huku timu nzima ikipanda pamoja nao. Njia ya kwanza inahitaji mguu wenye nguvu. Ya pili inahitaji utulivu, mguso laini wa kwanza, na jicho lililokwisha kutazama pembeni kabla ya mpira kufika.

Mpira unaopigwa mbali kwa kawaida hurudi. Nao unaporudi, wapinzani wamekwisha kupumua na kujipanga upya, ilhali walinzi wako wangali wanahema. Kila unaporudi, hatari huzaliwa upya ndani au karibu na eneo la penalti, na katika eneo hilo kosa dogo huadhibiwa kama kosa kubwa. Kwa hiyo timu isiyojua kumiliki hujikuta ikilinda mara ishirini pale ambapo ingetosha kulinda mara kumi. Mpira ukiwa miguuni mwako ni ukuta pia. Mpinzani hawezi kufunga bila mpira.

Turejee sasa kwenye usiku ule wa Madagascar. Bao la Omija liliingia dakika chache tu baada ya mapumziko. Tuliobaki nalo lilikuwa jukumu la kuulinda uongozi wa bao moja kwa zaidi ya dakika arobaini. Haukupita hata muda wa nusu saa kabla ya Madagascar kupata penalti na kusawazisha. Baada ya hapo tulikuwa na dakika zilizobakia za kipindi cha pili, na nusu saa nzima ya muda wa ziada. Katika muda wote huo, dhidi ya timu ambayo haikuwa jabali kama Morocco, hatukupata bao la pili. Huo ndio ukweli unaofichwa na neno bahati. Tulipewa karibu saa nzima ya kujiepusha na kamari ya penalti, na hatukuweza.

Lifananishe hilo na mwendo wa Morocco. Waarabu hao tuliwashinda sisi wenyewe, lakini ndio waliolitwaa kombe pale pale Kasarani tarehe 30 Agosti, walipoipiga Madagascar hiyo hiyo 3-2. Katika mashindano yale walifunga mabao matatu katika mechi tatu: dhidi ya Zambia, dhidi ya Kongo, na katika fainali. Katika fainali walifungwa mabao mawili na bado wakaondoka na kombe. Walikuwa na akiba. Penalti moja haingewafilisi.

Wala hatuna haja ya kwenda Afrika Kaskazini kutafuta ushahidi. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Mandela, la klabu zilizoshinda vikombe vya nchi zao, dhidi ya Esperance ya Tunisia. Mechi ya kwanza, kule Tunis, iliisha 2-2; ya marudiano, hapa Nairobi, iliisha 1-1. Jumla ilikuwa sare ya 3-3, na Gor ikapewa kombe kwa sababu ya mabao mengi zaidi ya ugenini. Bao la pili la Tunis ndilo lililoleta kombe nyumbani. Mwaka huo huo timu ya taifa ilifika fainali ya Michezo ya Afrika katika uwanja wa Kasarani, ikafungwa na Misri 1-0. Bao moja lilitosha kutunyima dhahabu siku hiyo. Historia yetu yenyewe inatuambia thamani ya bao lisilofungwa.

Najua kuna watakaonijibu kwamba namwonea mkufunzi. Watasema McCarthy alikuwa na timu hiyo kwa miezi michache, kwamba aliruhusiwa kuwatumia wachezaji wa ligi ya nyumbani pekee, na kwamba mara mbili alilazimika kucheza na watu kumi. Yote hayo ni kweli, nami nakubali kwamba kwa hali ile alichagua vyema. Fundi hushona nguo kulingana na kitambaa alichopewa. Kulinda kwa pamoja kunaweza kufundishwa kwa wiki chache, kwa sababu kunategemea nidhamu na pumzi. Kumiliki mpira mbele ya adui anayekukimbilia hakufundishwi katika kambi ya mwezi mmoja. Mtu mzima wa miaka ishirini na minne ambaye mguso wake wa kwanza huutupa mpira mita tatu mbele hatabadilishwa na hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo.

Matokeo ya baadaye yalithibitisha hivyo hata wachezaji wa ng'ambo waliporudi. Tarehe 5 Septemba 2025, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Gambia ilitufunga 3-1 pale pale Kasarani. Siku nne baadaye tuliinyeshea Ushelisheli mabao 5-0, ushindi mtamu lakini dhidi ya timu dhaifu. Mwezi Oktoba tukarudi kwenye desturi yetu: 1-0 dhidi ya Burundi, mfungaji akiwa Ogam, kisha tukapigwa 3-0 na Ivory Coast kule Abidjan. Tunapomkuta mpinzani asiyezuilika kwa ukuta peke yake, tunakosa silaha ya pili.

Baadhi yetu tunaoishi chini ya Mlima Kenya tuna dhana kwamba mwinuko wa nchi yetu na pumzi za vijana wetu vinatosha. Hapo jirani, Kiganjo, katika chuo cha polisi, ndipo Kipchoge Keino alipokuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Lakini hata Keino hakushinda kwa pumzi tupu. Katika mbio za mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, Ben Jipcho alitangulia kwa kasi kubwa mwanzoni ili kumchosha Jim Ryun wa Marekani, kisha Keino akachukua uongozi na kuulinda hadi mwisho. Ule ulikuwa mpango wa watu wawili, kila mmoja akijua zamu yake. Ikiwa mbio, mchezo wa miguu mitupu, zinahitaji akili kiasi hicho, sembuse mchezo wenye gozi katikati?

Basi twende shuleni, kwa kuwa ndiko kwenye shina la jambo. Nenda katika shule nyingi za wilaya zetu za milimani, utaona ratiba iliyobandikwa ukutani ikionyesha vipindi vya michezo. Kisha ngoja saa hiyo ifike. Aghalabu utamkuta mwalimu wa somo jingine amekwisha kuingia darasani na karatasi za marudio. Darasa la mtihani ndilo linaloumia kwanza. Wanapopata nafasi ya kutoka, huwa wavulana arobaini na mpira mmoja, wasichana wakitazama kutoka kando ya uwanja, na mwenye mguu mkali ndiye anayeshangiliwa. Mtoto anayetulia na mpira ili amtafute mwenzake hupigiwa kelele: "Piga! Piga mbali!" Kelele hiyo ndiyo somo la kwanza la kandanda analopewa Mkenya. Tusishangae basi akiikumbuka Kasarani, katika dakika za lala salama.

Nami sisemi haya kwa kuwanyoshea wenzangu kidole. Nimekuwa mwalimu mwenye karatasi za marudio, na nimepiga kelele hizo hizo kando ya uwanja. Tunachotakiwa kubadilisha hakihitaji fedha nyingi wala uwanja wenye nyasi za Ulaya. Chora mraba wenye mita kumi kila upande. Waweke watoto watano pembeni, wavulana kwa wasichana, na wawili katikati. Watano wapasiane, wawili wanyang'anye. Atakayepoteza mpira aingie katikati. Sharti ni moja: kila mtoto aangalie pande zote mbili kabla ya mpira kumfikia. Hesabuni pasi kwa sauti. Wakifika kumi bila kunyang'anywa, punguza mraba uwe wa mita nane. Dakika kumi na tano kwa juma, kuanzia gredi ya nne, na katika miaka michache tutakuwa na watoto ambao mpira hauwaogopeshi.

Na wanafunzi wasidhani kwamba hilo ni jambo la miguu tu. Kucheza katika mraba huo ni kujifunza kuamua upesi ukiwa umebanwa, na kumwamini mwenzako. Timu inayojua kumiliki hutulia inapotangulia. Isiyojua hutangulia na kuanza kuogopa, nayo hofu huirudisha nyuma hatua kwa hatua hadi miguu ifike kwenye mstari wa lango.

Bahati nzuri, milango haijafungwa. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za sekondari ya juu, ambako kundi la kwanza la gredi ya 10 liliingia mwaka 2026. Mkondo huo ukigeuzwa kuwa maskani ya wale walioshindwa kupata nafasi kwingine, tutakuwa tumejidanganya. Ukipewa walimu, mipira na wakati, huenda siku moja mkufunzi wa taifa akapata kitambaa kipana zaidi cha kushonea. Tena, Kenya, Uganda na Tanzania zilikwisha kupewa heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Watoto wa leo hawatakomaa kabla ya hapo, wala tusidanganyane. Lakini watakaotazama mashindano hayo wakiwa gredi ya tano ndio watakaocheza miaka kumi na mitano ijayo, na mguso wao wa kwanza unatengenezwa au kuharibiwa sasa.

Yule mzee wa mkahawani nilikutana naye tena, sokoni Chaka. Aliniuliza kama nimekwisha kusahau penalti zile. Safari hii sikunyamaza. Nilimweleza, kwa adabu, habari ya mechi tano na mabao matano. Alifikiri kidogo, akatazama wajukuu zake waliokuwa wakirusha mpira wa makaratasi kando ya magunia, kisha akasema: "Kumbe tulikuwa tukila akiba kila siku." Ndivyo, mzee wangu. Na akiba ya kandanda hujazwa shuleni, katika kipindi kile kilichoandikwa kwenye ratiba na ambacho sisi walimu tumekizoea kukiiba.